Siku Niliyopiga Kafi Nyangwe

Binti yangu alisubiri mpaka nimeshavaa viatu, kilemba nimeshafunga, na pikipiki mbili zinanguruma uani, ndipo akanivuta nyuma ya jiko akaniambia kuna jambo dogo alisahau kunieleza.

"Mama, huko Nyangwe mnakokwenda leo, watakupa kafi."

"Kafi ya nini?"

"Ya mtumbwi. Niliwaambia unajua kupiga kafi."

"Ulimwambia nani?"

"Mama mkwe." Akainama kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Na mashangazi. Na kwaya."

Nikamwuliza aliwaambia lini. Akasema ni zamani, alipofika Kasongo akiwa bibi harusi. Wanawake wa huku walimzunguka wakaanza kumpima. Je, anajua kutwanga sombe? Alitwanga majani ya mihogo mpaka yakaruka nje ya kinu. Je, anajua kubeba kitunga mgongoni kwa kamba ya kwenye paji la uso, kama wanavyobeba wao? Alipiga hatua tatu akaketi. Walipomwuliza sasa kwao wanajua nini, akatafuta kitu cha kuokoa heshima ya ukoo, akanipata mimi. Akasema mama yake anaishi kando ya Ziwa Tanganyika na huvuka mawimbi peke yake akiwa amesimama.

"Nimesimama?"

"Nilikuwa nimeshachanganyikiwa, mama."

Inafaa niseme ukweli hapa. Mimi ni fundi cherehani. Nilizaliwa Kasulu, vilimani, ambako maji ni ya kunywa na ya kufulia. Kigoma nimekaa miaka mingi, lakini ziwa nalijua kwa kulitazama dirishani huku nikipinda sketi za shule. Siku chache kabla ya asubuhi hiyo nilikuwa nimepanda meli mpaka Kalemie, nikatapika tangu honi ya kuondoka hadi honi ya kufika, kisha nikaendelea kwa lori na pikipiki kupitia Salamabila na Kabambare, na kote huko nilimshukuru Mungu kwa kila shimo la barabarani kwa sababu lilikuwa shimo la nchi kavu. Nilikuja kumwona mjukuu wangu wa kwanza. Sikuja kwa habari za mitumbwi.

"Waambie naumwa," nikasema.

"Mama, amevaa kitenge chake cha Pasaka. Na kuku wa zawadi ameshafungwa."

Nilichungulia. Kweli, mkwe mwenzangu alikuwa ameshapanda pikipiki ya kwanza, kitenge cha njano kimenyooshwa, kuku mweupe amemshika kwapani kama mkoba. Alikuwa mwanamke mrefu, mpana, mjane mwenye mashamba ya mihogo na michikichi, na sauti ya kuongoza kwaya bila kipaza sauti. Tangu nifike tulikuwa tunashindana kwa adabu. Nyumba ilikuwa na kiti kimoja chenye mto. Mimi nilikataa kukikalia nikasema ni chake, yeye alikataa akasema ni cha mgeni, na kwa siku nne kiti hicho kilikaliwa na paka.

Nikapanda pikipiki ya pili.

Njia ya Nyangwe ni ya mchanga, kisha matope, kisha daraja la magogo mawili ambapo abiria hushuka kutembea na motari, kama wanavyomwita dereva wa pikipiki huku, hupita akiwa ameinua miguu. Tulipishana na baiskeli zilizobeba madumu ya mawese, zinasukumwa na wanaume waliolala juu ya usukani kama wanaoomba. Mkwe wangu alikuwa ameamua kwamba nisikose kuona kitu. Kila baada ya muda aligeuka na kunipigia kelele.

"Mama, angalia! Masomo ya mapadri!"

Nikageuka kuitafuta shule, nikaona vumbi la pikipiki yake.

"Mama, angalia! Musikiti!"

Vumbi.

"Mama, angalia kilima ile iko kule!"

Kilima nilikiona, kwa sababu kilikuwa kirefu kuliko vumbi.

Katika kila kijiji tulisimama kusalimia, maana yeye alikuwa na ndugu, au marafiki wa kwaya, au watu waliowahi kununua mihogo yake, na wote walitaka kumwona mgeni. Alinishusha, akanishika mkono, akanitangaza.

"Huyu ni mama ya bibi ya mutoto wangu!"

Mara ya kwanza nilidhani sikusikia vizuri. Nina miaka hamsini na miwili. Mama wa bibi wa mtoto wake? Yaani mimi ni mama wa nyanya wa kijana wake? Lakini watu hawakushangaa. Walinipa pole ya safari, wakaleta kiti, mzee mmoja akanishika kiwiko nisianguke. Kijiji cha pili ikawa vile vile: mama ya bibi, kiti, kiwiko. Nikaanza kujiuliza sura yangu imefikwa na nini. Vumbi linaweza kuweka mvi, lakini mvi za vizazi vingapi? Kijiji cha tatu nilijikuta nashuka kwenye pikipiki polepole, mkono kiunoni, kwa sababu watu walikuwa wananitazama kwa namna ambayo isingekuwa adabu kuruka.

Nikashindwa kuvumilia. "Mama," nikamwambia, "samahani, lakini mbona unanizeesha hivi? Mimi na wewe ni wa rika moja."

"Nakuzeesha namna gani?"

"Unasema mimi ni mama wa bibi."

"Njo vile. Bibi ya mutoto wangu ni mutoto yako. Weye ni mama yake."

"Kwetu bibi ni mama wa mama. Mke ni mke."

Alinitazama. Kisha kicheko kikaanza chini kabisa, tumboni, kikapanda polepole mpaka kuku akaanza kulia. Ilibidi aegemee pikipiki. Alipopata pumzi akawaita watu wa kijiji warudi, akawaeleza upya, nao wakacheka, na mzee wa hapo aliyekuwa amenishika kiwiko akaja kuniomba radhi ingawa hakuwa amekosa. Kuanzia hapo, katika kila kijiji kilichofuata alinitangaza kwa namna ile ile, halafu akanigeukia na kusubiri nicheke. Nilicheka. Nilikuwa nafikiria kafi.

Tulifika Nyangwe jua likiwa limeshapanda. Si mji mkubwa siku hizi: nyumba za udongo, nyingine za matofali, soko dogo, mihogo imeanikwa kwenye maturubai, watu wanaokwenda na kurudi mtoni. Tulinunua chumvi na vitunguu vya kumpelekea mwenyeji wetu wa ng'ambo ya mto, halafu mkwe wangu akanipeleka mahali penye miti ya zamani iliyosimama mistari miwili, kubwa sana, na nyasi katikati. Hapo hakupiga kelele.

"Wazee walituambia, watu waliletwa hapa," akasema. "Walifungwa. Walipelekwa kwa miguu."

"Wapi?"

"Huko. Upande jua linatokea. Mpaka ku maji kubwa."

Nikamwambia maji makubwa hayo ni kwetu. Huko Ujiji, ambako nakwenda kila wiki kununua uzi, kuna njia ambayo wazee wetu nao husema watumwa waliipita wakiwa wamefungwa, wakitoka upande huu, kuelekea pwani. Nilikuja siku kadhaa kwa meli na magari na nikaona ni mbali. Yeye akapangusa uso kwa ncha ya kitenge, akasema, "Kumbe tunajuana tangu zamani," tukaondoka tukiwa tumeshikana mikono.

Kisha tukafika mtoni.

Lualaba pale ni pana. Ni ya rangi ya chai ya maziwa, inakwenda bila kelele, imebeba visiwa vya majani vinavyopita kama watu wenye safari yao. Mitumbwi ilikuwa imevutwa ufukweni, kila mmoja gogo moja lililochongwa, mwembamba kuliko benchi la kanisa. Mwenye mtumbwi wetu alikuwa mvuvi mwenye mabega mapana na pengo la meno ya mbele, na nyuma yake walikuwa watu kama ishirini ambao hawakuwa na kazi nyingine saa hiyo. Habari zangu zilikuwa zimetangulia.

"Mama ya Tanganyika," akasema mvuvi kwa heshima. "Karibu. Tosha viatu."

Nikatazama miguu yangu. "Vinanitosha, asante."

"Tosha viatu, mama."

"Vinatosha kabisa. Nilivinunua mwenyewe."

Akamtazama mkwe wangu. Mkwe wangu akanitazama mimi. "Mama," akasema mvuvi, sasa polepole kama anayesema na mgonjwa, "kama hutatosha viatu, vitaloa."

Mkwe wangu ndiye aliyeelewa, akaanza tena kile kicheko chake, akainama akanivua viatu mwenyewe, kimoja baada ya kingine, mbele ya watu ishirini. Huko kwao kutosha ni kuvua. Nilikaa mchangani kama mtoto anayepelekwa kuoga.

Tukaingia. Au niseme, tuliingizwa. Mvuvi alisimama nyuma na kafi ndefu. Mkwe wangu akaketi katikati na kuku. Mimi niliwekwa mbele kabisa, mahali pa heshima, nikapewa kafi fupi yenye ncha kama jani. Nilipiga magoti, si kwa kujua ndivyo wanavyofanya, bali kwa sababu miguu ilikataa jambo lingine lolote.

"Kwao anasimamaka," nilisikia mtu ufukweni akimweleza mwenzake.

"Leo anapumuzika," mwenzake akajibu.

Mvuvi alitusukuma. Mtumbwi ulitetemeka kushoto, ukatetemeka kulia, ukatulia. Maji yalikuwa chini ya mdomo wa mtumbwi kwa kipimo cha kiganja. Nikachovya kafi nikavuta kwa nguvu zote, kwa sababu niliona heshima ya binti yangu iko kwenye mikono yangu. Nikavuta tena. Nikavuta tena upande ule ule, maana upande wa pili ulihitaji kugeuka na mimi sikuwa tayari kugeuka. Mtumbwi ukaanza kupinda. Mvuvi akasahihisha nyuma, mimi nikavuta mbele, yeye akasahihisha, na ghafla nikaona watu ishirini mbele yangu wananitazama. Tulikuwa tumerudi kuelekea ufukweni tulikotoka.

Halafu mama mmoja akapiga makofi.

"Njo vile wanafanyaka kule!" akasema. "Wanaaga kwanza!"

Wote wakapiga makofi. Nikainua kafi nikawapungia. Sikuwa na la kufanya zaidi.

"Mama," mvuvi akaniambia kwa sauti ya chini nyuma yangu, "kafi yako ni ya ziwa. Hii ni mutoni. Leo acha mimi nifanye yangu, weye ugusishe tu maji, kidogo kidogo, watu waone."

Mungu ambariki mtu huyo na uzao wake. Niligusisha maji, kidogo kidogo, mpaka ng'ambo. Sikugeuka hata mara moja. Nyuma yangu mkwe wangu hakuwa ananionyesha kitu chochote. Visiwa vya majani vilipita, ndege mweupe akapita, na yeye kimya. Nilidhani amenikasirikia.

Tulipogusa mchanga wa ng'ambo aliinuka haraka mno. Alitaka kuwa wa kwanza kushuka, na hakuona kwamba ukingo wa mtumbwi una kibanzi. Kitenge cha Pasaka kilichanika kuanzia kiunoni hadi karibu na goti, kwa sauti ambayo mimi, kwa kazi yangu, niliitambua bila kutazama. Kuku akaruka akaingia kwenye matete, na mvuvi akamkimbilia.

Mimi hubeba sindano na uzi popote niendapo, ndani ya pindo la blauzi. Nikamvuta mkwe wangu nyuma ya mitego iliyoanikwa, nikamgeuza, nikapiga magoti mchangani nikaanza kushona akiwa amesimama. Nyuzi zangu zilikuwa nyeusi na kitenge cha njano, lakini nilificha mshono ndani ya ua la chapa. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nikagundua kwamba na kitenge kinatetemeka. Nikatoa mikono nikakiangalia. Bado kilitetemeka.

"Mama," nikamwuliza, "una baridi?"

"Nikuambie kitu?" akasema, akitazama mto. "Mi sijaingiaka mu mutumbwi hata siku moja."

"Hata siku moja?"

"Tangu nizaliwe. Mi ni mutu ya shamba. Maji ninaogopa. Pale katikati nilisema yote ile najua ya kuomba, nikamaliza, nikaanza tena."

"Sasa kwa nini tumekuja?"

"Juu yako!" Akanigeukia na sindano ikamkosa kidogo. "Mutoto alisema weye ni mutu ya maji. Nikasema, mama anatoka mbali vile, nitamukalisha kwangu aangalie mihogo? Nitamunyima maji namna gani? Siku tatu sikulala muzuri."

Nilikaa chini kabisa. Nikamwambia kuhusu Kasulu, cherehani, dirisha, na meli ya Kalemie. Nilimwambia yote isipokuwa idadi ya mifuko niliyotapikia.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Wakati ulianza kutuzungusha."

Tulicheka mpaka mvuvi aliporudi na kuku, akatukuta mmoja amekaa mchangani na mwingine amemshika bega, mshono haujaisha, akafikiri tumepatwa na ugonjwa. Mke wake, mwenyeji wetu, alikuja kutuchukua. Alitupa samaki kambale waliokaushwa kwa moshi, ugali wa mihogo na pilipili iliyonitoa machozi yaliyobaki. Alitupeleka kuona majiko ya kukaushia, nikageuza samaki juu ya fito nikaunguza vidole viwili, akanifundisha neno la Kizimba, lugha ya hapo, la kuomba maji, ambalo nililisema vibaya na nikaletewa chumvi. Kila kitu kilikuwa kizuri. Nilikula kama mtu aliyeahirishiwa hukumu.

Lakini mto haukuwa na njia nyingine ya kurudi. Safari hii mkwe wangu alikataa nikae mbele. Alimwambia mvuvi kwamba mgeni amechoka na kwamba huko Tanganyika ni mwiko kupiga kafi mara mbili kwa siku. Mvuvi alisema ndiyo, amesikia hivyo. Tukakaa wote wawili katikati, tukiwa tumeshikana mikono kama wasichana, na mtumbwi ulipoanza kutetemeka yeye akaanzisha wimbo wa kanisani. Mimi nilikuwa naujua kwa maneno mengine kidogo, kwa hiyo niliimba yangu na yeye akaimba yake, kwa sauti kubwa, na kila wimbi lilipopanda na sisi tulipanda.

"Wamama," mvuvi akalalamika, "samaki yote itashuka na maji mpaka Kindu."

"Iende!" mkwe wangu akajibu bila kuacha kuimba.

Tulifika Kasongo jua linazama. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, uso umemkauka. Majirani walikuwa wameshajaa uani. Mkwe wangu alishuka, akanyoosha kitenge, akasimama katikati yao na kuanza kusimulia. Nilimsikia akisema nilishika kafi nikasimama. Nilimsikia akisema mvuvi alilala usingizi. Nilimsikia akisema kiboko alitokea, akaniona, akarudi chini. Alisema yote hayo bila kunitazama, na majirani walitikisa vichwa kwa mshangao.

Binti yangu alinisogelea polepole. "Mama," akanong'ona, "kumbe ulijua kweli?"

Nilimwangalia mkwe wangu, naye akanikonyeza kwa jicho moja akiwa bado kwenye kiboko. Nikamwambia binti yangu kwamba kuna mambo mengi ya mama yake ambayo hayajui, aende kupakua chakula.

Akapakua. Tulikaa mkekani, mimi na mkwe mwenzangu, bega kwa bega. Nilikata tonge la ugali, nikajaribu kulipeleka mdomoni, na mkono ukaishia kifuani. Mabega yalikuwa yamekataa kazi. Nikautumia mkono wa kushoto kuinua wa kulia. Pembeni yangu yeye, ambaye hakushika kafi kabisa, alikuwa na shida ile ile, kwa kule kushikilia kingo za mtumbwi kwenda na kurudi. Mkwe wangu kijana, mume wa binti yangu, alitutazama tukiinua matonge yetu taratibu, kwa mikono miwili, kama wanaonyanyua matofali, akauliza kama chakula hakina chumvi.

"Iko na chumvi," mama yake akamjibu. "Nyamaza, tunakula kwa heshima."